Mfalme Aliyerudishwa kwa Masharti

Wengi wetu tukiizungumzia Uingereza ya kale tunakimbilia 1066: vita vya Hastings, William Mshindi, Wanormani wake wa kaskazini mwa Ufaransa wakivuka bahari. Mimi ningeanza miaka 52 kabla ya hapo, majira ya kuchipua ya 1014, na mfalme aliyekuwa amekimbia nchi yake mwenyewe.

Jina lake Æthelred. Kwa Kiingereza cha kale maana yake ni "shauri adhimu", na vizazi vya baadaye vikamgeuzia jina hilo, vikampachika Unræd, yaani shauri baya. Hawakumwonea. Mwaka 991 Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walilipwa pauni 10,000 za fedha ili waondoke. Wakarudi, wakalipwa zaidi, hadi 1012 malipo yalipofika pauni 48,000. Aliyelipa ni mkulima. Katikati ya mambo hayo, mwezi Novemba 1002, mfalme aliamuru Wadenmaki waliokuwa wakiishi Uingereza wauawe. Sweyn wa Denmark alipoivamia nchi mwaka 1013, wakuu walisalimu amri kwa Sweyn na Æthelred akakimbilia Normandy kwa shemeji yake.

Sweyn akafa Februari 1014. Wanamaji wake wakamtangaza mwanawe Cnut. Wakuu wa Waingereza, maaskofu na mabwana waliokuwa wakikaa na mfalme barazani, wakatuma ujumbe ng'ambo. Watawa walioandika Kumbukumbu za kila mwaka wametuhifadhia maneno yenyewe: hakuna bwana wanayempenda kuliko bwana wao wa asili, iwapo atawatawala kwa haki zaidi kuliko alivyowatawala mwanzo.

Kila nikisoma sentensi hiyo nasimama kwenye "iwapo". Watu wamepoteza mali na ndugu, jeshi la kigeni bado liko nchini, wanamhitaji mtu wa kuwaongoza vitani, na bado wanamwambia mpakwa mafuta wa Mungu usoni kwamba alitawala vibaya. Naye hakukasirika. Alimtuma mwanawe Edward, yule atakayekuja kuitwa Mwungamadini, apeleke jibu: atakuwa bwana mwema kwao, atarekebisha yote wanayoyachukia, atasamehe yote yaliyosemwa na kutendwa dhidi yake, mradi wote wamrudie bila hila. Wakapeana viapo pande zote mbili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba kumfunga mfalme kwa masharti kulianza mwaka 1215 na Magna Carta, hati ambayo mabwana walioasi walimlazimisha mfalme wao aikubali. Miaka 200 kabla yake sharti lilikuwa limeshatamkwa, na mfalme alikuwa amelikubali.

Sisemi kwamba Wasaksoni, yaani Waingereza wa kabla ya 1066, walikuwa na demokrasia. Hakuna mkulima aliyeulizwa mwaka ule, sembuse mtumwa, na watumwa walikuwa wengi: kitabu cha Domesday cha 1086, orodha ya ardhi iliyoandikwa kwa amri ya William, kinawahesabu zaidi ya 25,000. Waliosema "iwapo" walikuwa matajiri. Walithubutu kwa sababu walikuwa na mashamba yao, watu wao na silaha zao. Mfalme asingeweza kutawala bila wao.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa 1066. Edward, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mfalme, alifariki tarehe 5 Januari, na kesho yake Harold, ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme, akavishwa taji. Harold alipouawa Hastings mwezi Oktoba, wakuu waliokuwa London walimchagua kijana Edgar, kitukuu cha Æthelred. Desturi ya kuchagua ilikuwa bado hai. William akauzunguka mji akiteketeza vijiji, mpaka wakasalimu amri.

Alivishwa taji Westminster siku ya Krismasi. Askofu mkuu wa York aliwauliza watu kwa Kiingereza kama wanamkubali, na askofu wa Coutances akauliza kwa Kifaransa. Kanisa zima likaitikia kwa kishindo. Walinzi wa Kinormani waliokuwa nje wakadhani ni uasi, wakazitia moto nyumba za jirani. Orderic, mtawa aliyeandika habari hizi baadaye, anasema watu walikimbia nje na maaskofu wachache wakabaki kumalizia ibada, mfalme mwenyewe akitetemeka.

Swali la kumkubali mfalme liliulizwa, basi, na kiapo kililiwa. William hakuigusa ibada. Aliigusa ardhi. Kila shamba sasa lilishikwa kwa idhini yake, ama moja kwa moja ama kupitia bwana aliyepewa naye. Alipoamuru ardhi yote ikaguliwe, mwandishi wa Kumbukumbu aliona aibu kusimulia kwamba hakuachwa hata ng'ombe mmoja wala nguruwe mmoja bila kuandikwa. Katika kitabu kilichotokana na ukaguzi huo, Domesday, mabwana wakubwa wenye asili ya Kiingereza ni wa kuhesabika kwa vidole. Waliokuwa na uwezo wa kusema "iwapo" walikuwa wamekwisha.

Henry, mwana wa William, alipolihitaji taji haraka mwaka 1100, alitoa hati ya kuahidi kuondoa desturi mbaya zilizoikandamiza nchi, na hati hiyo ndiyo waliyoishika waasi wa 1215. Sharti lilirudi. Ardhi haikurudi: fikra kwamba mwenye ardhi wa mwisho ni Taji, yaani mfalme, ilibaki ndani ya sheria ya Kiingereza, na ikapanda meli pamoja na Waingereza. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915, katika Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo, iliihesabu hata ardhi waliyokuwa wakiishi wenyeji kuwa ya Taji. Miaka michache baadaye mahakama ya Kenya, ikiamua kesi ya shamba kati ya Wakikuyu, ikawaambia kwamba katika ardhi ya babu zao wao ni wapangaji tu, kwa ridhaa ya mfalme.