Ulizeni anadaiwa na nani, kadi ya chama iacheni

Upekuzi wa mtu anayetaka kushika nyaraka za serikali huharibikia mtaani, kabla faili halijafika kwa mkubwa yeyote. Chukua kijana wa Ngarenaro anayepelekwa masjala ya siri ya ofisi fulani hapa Arusha. Vyeti vinakaguliwa, alama za vidole zinachukuliwa, kisha mtu anatumwa kwao kuulizia tabia. Atamwendea nani? Rahisi ni balozi wa nyumba kumi, maana kila mtu anapajua kwake. Lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa shina la CCM, si wa serikali. Mwenyekiti wa mtaa naye amepita kwa tiketi ya chama.

"Shikamoo mzee. Huyu kijana mnamwonaje?"

"Marahaba. Huyo si mwenzetu."

Maneno matatu. Yakifika kwenye ripoti yanakuwa "uaminifu wake una mashaka". Siasa imeshaingia kwenye faili, na hakuna aliyeiita siasa.

Mimi nasema maoni ya kisiasa yasiwe kigezo kabisa. Katiba ya 1977, ibara ya 13(5), inapoeleza maana ya kubagua inayataja maoni ya kisiasa pamoja na kabila, dini na rangi. Ibara ya 147(3) inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ila inamwachia haki ya kupiga kura. Huo ndio mpaka ninaoutaka: uanachama ni tendo, unakatazwa kwa wote bila kujali rangi ya kadi, anachokiamini akiwa peke yake na karatasi ya kura hakiguswi.

Na mji huu una mfano wake. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa la itikadi kutoka juu hadi chini, lakini masharti yake kwa viongozi yalikuwa ya kukagulika: usiwe na hisa kwenye kampuni, usipokee mishahara miwili, usiwe na nyumba ya kupangisha. Nyumba ipo Kaloleni au haipo. Kodi anakusanya nani? Hapo huhitaji kupima moyo wa mtu.

Wamarekani walijaribu kupima moyo. Mwaka 1954 Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, alinyang'anywa kibali cha kuona siri za serikali kwa urafiki wake wa zamani na wakomunisti, na uamuzi huo ukaja kufutwa mwaka 2022, miaka 55 baada ya yeye kufariki. Leo fomu yao ya SF-86, anayoijaza anayeomba kibali hicho, haiulizi ulimpigia nani kura. Inauliza kama umewahi kuwa katika kundi la kigaidi au linalotaka kuipindua serikali kwa nguvu, na inachimba sana madeni. Wana sababu. Aldrich Ames wa CIA, shirika lao la ujasusi, aliwauzia Warusi siri kwa sababu ya pesa, akanunua nyumba ya dola 540,000 kwa taslimu huku mshahara wake haufiki dola 70,000 kwa mwaka. Mashine ya kupima uongo aliipita mara mbili. Nyumba ilikuwa inaonekana barabarani.

Mtu atanitajia Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyeipelelezea Cuba kwa imani tu hadi alipokamatwa mwaka 2001. Hoja nzito, naikubali. Ila wanafunzi waliochukia, kama yeye, sera ya Marekani kule Nikaragua miaka ile walijaa vyuoni. Kilichomtenga yeye ni safari ya siri kwenda Cuba mwaka 1985 na ujumbe wa siri wa tarakimu aliokuwa akiupokea kutoka huko kwa redio ya masafa mafupi. Ukichuja kwa maoni unawaondoa wote wale, na jasusi mwenye akili anajifunza kunyamaza. Au ananunua kadi sahihi, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mpekuzi aende kwa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri, kisha kwa mwajiri wa zamani, kisha kwa mwenye nyumba. Aulize vitu vyenye tarehe: amekaa hapa tangu lini, ana kesi, anadaiwa na nani na kiasi gani, nani nje ya nchi humtumia pesa. Jibu liandikwe kama lilivyosemwa, pamoja na cheo cha chama cha aliyelitoa, kama anacho. Kisha mwombaji aonyeshwe shaka iliyopo na apewe siku 14 za kuijibu kwa maandishi, hata kama jina la msemaji litafichwa.