Zelda II na dhambi ya kutofanana na mkubwa wake

Zelda ya kwanza, ya mwaka 1986, ikitajwa mbele ya wapenzi wa gemu za zamani, sifa humiminika. Itaje ya pili, Zelda II: The Adventure of Link, usikie miguno. Ilitoka Japani Januari 1987, hata mwaka haujatimia, nayo ikabadilisha karibu kila kitu: ukikutana na adui, picha inageuka unamwona Link, shujaa unayemchezesha, kwa ubavuni, kuna pointi za uzoefu unazopata kwa kuua maadui, kuna uchawi, kuna miji yenye watu wa kuongea nao.

Wanaoiponda wana hoja. Maisha yako matatu yakiisha unarudishwa kwenye kasri alikolala binti mfalme, ulikoanzia safari, na pointi ulizokuwa ukidunduliza zinafutika. Njia ya Mlima wa Mauti ni mapango yasiyokwisha, na humo wapo warusha mashoka ambao ngao ya kawaida haifui dafu mbele yao. Vidokezo navyo ni fumbo juu ya fumbo. Mji wa Ruto kuna jamaa anayejitambulisha kuwa yeye ni Error, yaani kosa, na watu wakadhani gemu imeharibika! Kumbe ni jina lake. Mwenzake anaitwa Bagu, matamshi ya Kijapani ya "bug", yaani hitilafu ya programu, ila utani huo ulipotelea kwenye tafsiri.

Lakini hebu simama mbele ya Iron Knuckle, askari wa deraya anayelinda makasri. Ukisimama, ngao yako inakinga kifua. Ukichuchumaa, inakinga miguu. Yeye pia yuko hivyo hivyo. Unapiga juu, ngao yake imeshapanda; unapiga chini, imeshashuka. Upanga wako ni mfupi, kwa hiyo lazima umsogelee hadi naye akufikie. Mwishowe unajifunza kuruka na kumchapa kichwani wakati unashuka, na siku hiyo ndiyo unaelewa kwamba kumbe ulikuwa unafundishwa. Zelda ya kwanza, pamoja na utamu wake wote wa kuzurura, haina pambano la namna hii. Kule unamgeukia adui, unabonyeza, basi.

Hoja ya mauzo ndiyo inayonikera. Ya kwanza iliuza nakala milioni 6 na nusu hivi, ya pili zaidi ya milioni 4, na tofauti hiyo inashikiliwa kama hati ya hukumu. Milioni 4! Wangapi waliotengeneza gemu enzi zile waliota nusu yake? Tena warithi wake hawakuitupa. Kipimo cha uchawi kilirudi kwenye Zelda ya 1991, na ile ya 1998, Ocarina of Time, ikachukua majina ya miji yake, Rauru, Saria, Ruto, Darunia, ikawapa wahusika wake wakubwa.

Doa moja siwezi kulitetea. Adui wa mwisho ni kivuli cha Link mwenyewe, anayejua mbinu zako zote, na hakuna mtihani ulioifaa zaidi gemu ya upanga na ngao. Ila wengi tulimmaliza kwa kuchuchumaa kwenye kona ya kushoto na kubonyeza kitufe bila kukoma.