Sauti ya Nashville: iliokoa kantri au iliiharibu?

Wapenzi wakongwe wa muziki wa kantri wana lawama isiyokwisha: kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 studio za Nashville, Marekani, ziliutia muziki wao sukari mpaka ukapoteza ladha. Mtindo huo laini ndio ulioitwa Sauti ya Nashville. Wanaoshtakiwa zaidi ni watayarishaji wawili, Chet Atkins wa kampuni ya rekodi ya RCA na Owen Bradley wa kampuni ya Decca. Fidla na gitaa la stili viliwekwa kando, wakaingia waitikiaji wa sauti laini kama kundi la Anita Kerr, piano ya Floyd Cramer, na violini, yaani fidla ileile ila imevaa suti.

Washtakiwa nao wana la kusema. Elvis Presley alipovuma mwaka 1956, vijana waliihama kantri na redio zikawafuata. Mwimbaji wa kantri Jim Reeves akaacha kupaza sauti, akaisogelea maikrofoni na kuimba taratibu, na mwaka 1957 "Four Walls" ikapenya hadi kwa wasikilizaji wa pop. Upole huohuo ndio uliomfikisha Kenya, ambako ana mashabiki hadi leo.

Hoja kwamba kantri ilikuwa safi kabla ya hapo haisimami. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa mwanzo aliyerekodiwa mara ya kwanza Bristol, Marekani, mwaka 1927, miaka mitatu baadaye alirekodi huku mwanajazi Louis Armstrong akipiga tarumbeta. Bendi ya kantri ya Bob Wills ilikuwa na dramu na tarumbeta katika miaka ya 1930. Banjo yenyewe asili yake ni Afrika.

Walipo na haki walalamikaji ni kwenye utaratibu wa kazi. Kipindi cha studio kilikuwa cha muda wa saa tatu, na nyimbo tatu au nne zilitakiwa zikamilike humo. Wapigaji walikuwa walewale: Bob Moore kwenye besi, Buddy Harman kwenye dramu, Grady Martin kwenye gitaa. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, waliziandika kwa namba ya nafasi yake katika ngazi ya ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake: katika ufunguo wa G, 1, 4 na 5 ni G, C na D. Mwimbaji akishindwa kufikia noti za juu, ufunguo unashushwa hadi F na karatasi inabaki ilivyo. 1 sasa ni F, 4 ni B bemoli, 5 ni C. Ni ujanja mzuri. Lakini mikono ileile ikiharakishwa vile kila siku, huishia kumpigia kila mwimbaji vionjo vilevile.

Tazama "Crazy" ya mwimbaji wa kantri Patsy Cline, mwaka 1961. Bradley alitumia takriban saa nne kwa wimbo huo mmoja. Mbavu za Cline zilikuwa bado zinauma kutokana na ajali ya gari, akashindwa kuzishika noti za juu. Akarudi siku nyingine kuweka sauti juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Piano imo, waitikiaji laini wamo, na hakuna anayesema wimbo ule umekufa.

Ndiyo maana uasi wa waimbaji wa kantri wa miaka ya 1970 dhidi ya utaratibu huo wa studio unanishawishi kuliko manung'uniko kuhusu violini. Mwimbaji Waylon Jennings alipobanana na RCA juu ya mkataba wake, hakudai fidla irudi. Alidai achague nyimbo mwenyewe na bendi yake iingie studio.