Kuuza Live at Leeds ya mzee si kuuza mzee

Kuna jamaa hapa Kisumu amerithi santuri za babake, mwalimu aliyependa rock na benga sawasawa, na kati ya hizo iko Live at Leeds ya The Who, bendi ya rock ya Uingereza, toleo la zamani lenye kava la kahawia. Anataka kuiuza kwa mtu wa ng'ambo. Weh, watu wamemrukia! Ati anauza urithi, ati udongo wa kaburi haujakauka, ati ikishatoka nchini haitarudi.

Wanaompinga nawaelewa. Santuri ni kitu unashika, mzee aliipangusa vumbi kwa mikono yake, na pesa ikishaingia M-Pesa inaenda na fees na stima halafu huna la kuonyesha watoto. Halafu kuna mabroka, hawa husikia tu kuna matanga mahali na baada ya siku chache wako kwa gate wakimuuliza mama kama ana rekodi kuukuu, wanabeba kreti nzima kwa bei ya kuku. Hiyo inauma na sitaitetea.

Lakini hebu tuangalie hiyo sahani yenyewe. Ilirekodiwa 14 Februari 1970 kwenye ukumbi wa kulia chakula wa Chuo Kikuu cha Leeds, ikatoka mwaka huohuo ikiwa na nyimbo sita tu, na tangu hapo imetolewa upya mara nyingi, hadi sehemu kubwa ya shoo iliyobaki ikaja kutolewa kwa CD. Jamaa akiiuza leo na kesho asikie hamu ya gitaa la Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi hiyo, anafungua simu tu. Muziki hauendi popote. Kinachoenda ni plastiki na kartoni, na hiyo kartoni kuna mtu huko nje anaitafuta usiku na mchana wakati hapa inakula unyevu wa ziwa juu ya kabati.

Na kuuza kwenyewe si mchezo, wale wanaosema anatafuta pesa ya haraka hawajawahi kujaribu. Hiyo kava inafunguka kama kitabu, upande mmoja santuri, upande wa pili makaratasi 12, kuna bango la klabu ya Marquee ya London, kuna nakala ya mkataba wa tamasha la Woodstock na kadhalika, na karatasi moja ikikosekana mnunuzi anashusha bei hapo hapo. Halafu kuna mambo ya kelele. Lebo ya katikati imeandikwa kwa mkono, na imesema kabisa mlio wa kukwaruza ni sawa, usirekebishwe, kwa sababu tepu yenyewe ilikuwa na tk tk. Sasa utamwambiaje mnunuzi kwamba tk fulani ni ya mwaka 1970 na nyingine ni ya sindano mbovu ya mzee? Unakaa chini unaisikiliza yote, pamoja na My Generation yenye karibu dakika 15. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hivyo mkwaruzo wa kweli unarudi kila sekunde 1.8, tk, tk, tk, kwa mpigo mmoja mpaka sindano ivuke hapo, lakini kelele ya tepu inakuja tu inavyotaka. Mtu anayekaa na santuri ya babake hivyo, akihesabu tk, huyo ndiye mnasema hamheshimu mzee? Wangapi kati yenu wana hata pleya?

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hakuna aliyeuliza kuhusu lile boksi lingine. Huyo mwalimu aliacha pia rekodi za 45, zile sahani ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, za wanabenga kama D.O. Misiani, George Ramogi, Ochieng Kabaselleh, zile ambazo wimbo unakatwa katikati gitaa likianza kupanda, unageuza upande wa pili ndio upate utamu wote. Nyingi za aina hiyo hazijawahi kutolewa upya, hazipo kwa simu, na master, yaani tepu ya kwanza ya studio, hakuna anayejua iko wapi. Hizo ndizo broka anataka, na atazibeba kimya kimya huku sisi tunalilia The Who.

Kwa hivyo mimi namwambia jamaa auze Leeds, na asiuzie wa kwanza kubisha. Aangalie bei ambazo kopi kama yake zimeuzwa kwa kweli, si zile watu wameandika wakiota, ataje kila karatasi iliyopotea, na akipaki atoe sahani nje ya kava aiweke kando yake katikati ya kartoni mbili ngumu, la sivyo itapasua mshono kabla haijafika. Posta itakula sehemu nzuri ya faida, hilo alipigie hesabu mapema. Na ikibaki kitu, anunue sindano mpya azirekodi zile 45 kwa kompyuta kabla broka hajarudi kwa gate.