Red Sox na besi ya tatu iliyowaponyoka

Jumapili ya Juni 15, 2025, Rafael Devers aliutandika mpira ukavuka uzio, klabu yake ya besiboli, Boston Red Sox, ikailaza New York Yankees 2-0 na kukamilisha ushindi wa mechi tatu mfululizo dhidi ya mahasimu wao. Jioni hiyohiyo akapelekwa klabu ya San Francisco Giants kwa kubadilishana na wachezaji wanne.

Ugomvi ulianzia besi ya tatu, mojawapo ya vituo vinavyolindwa uwanjani wapinzani wanapopiga. Devers, mwenye mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 313.5, aliilinda kwa miaka mingi. Februari klabu ikamsajili Alex Bregman, fundi wa nafasi hiyohiyo, kwa dola milioni 120. Devers akaambiwa aweke kando glavu ya kudakia, asilinde tena, kazi yake iwe kupiga tu. Alinuna, mwishowe akakubali. Mwezi Mei mlinda besi ya kwanza, Triston Casas, akaumia goti. Wakamrudia Devers: haya, okota glavu, nenda besi ya kwanza. Akagoma. Mmiliki John Henry alipanda ndege hadi Kansas City kuzungumza naye, wapi!

Wanaoutetea uongozi wana hoja. Giants walibeba zaidi ya dola milioni 250 zilizobaki. Siku Devers anaondoka, Boston walikuwa na ushindi 37 na vipigo 36. Baada yake wakashinda 52, wakafungwa 37, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2021. Na Garrett Crochet, mrushaji waliyemchukua kutoka klabu ya Chicago White Sox Desemba 2024 kwa kutoa vijana wanne, aliwatoa wapigaji 255 kwa straiki, yaani bila wao kuupeleka mpira uwanjani. Hakuna aliyemfikia msimu ule.

Ila mtoano wenyewe uliishia New York kwa kichapo cha 4-0 kutoka kwa Yankees, mrushaji wao chipukizi Cam Schlittler akiwatoa 12 kwa straiki. Usiku ule gongo la Devers lilikumbukwa, ingawa kinda wa Boston, mpigaji Roman Anthony, naye alikuwa majeruhi. Mrushaji Jordan Hicks, mmoja wa wanne waliokuja kwa kubadilishana na Devers, alikuwa akipigwa kila kona.

Kwangu mimi kumuuza hakukuwa kosa. Kosa lilifanyika kati ya Februari na Mei. Kule San Francisco, Devers alicheza besi ya kwanza msimu uleule. Kumbe glavu haikuwa na ubaya, ubaya ulikuwa namna alivyoombwa.

Novemba, Bregman akatumia kipengele cha kujitoa kwenye mkataba. Besi ya tatu ikabaki haina mwenyewe.