Dalali wa ndege si mpiga debe

Juzi baada ya magharibi, barazani Ngamiani, Tanga, mpwa wangu alisema mbele ya watu kwamba chuo amemaliza na sasa anataka kuwa dalali wa ndege za kukodi. Mzee mmoja akamkata hapohapo: "Miaka mitatu chuoni, uje kupiga debe?" Baraza zima likacheka. Kijana akainamia kikombe chake cha kahawa, na mimi, ninayeifanya kazi hiyohiyo, usiku ule sikulala vizuri.

Haki yake mzee nampa. Madalali wa viwanja wametuharibia jina, na ni kweli kazi hii haitaki mtaji mkubwa: simu, kompyuta, na watu wanaokuamini. Unamtafutia mteja ndege ya kukodi; ndege si yako, rubani si wako. Ndiyo maana naiogopa ikiwa mikononi mwa mtu anayewaza cha juu tu.

Januari 2019 Emiliano Sala, mshambuliaji aliyekuwa ndiyo kwanza amesajiliwa na Cardiff City, alipanda ndege ndogo ya injini moja usiku kutoka Nantes, Ufaransa. Ikaangukia baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Rubani hakuwa na ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa, wala ya kuruka usiku. Aliyeipanga safari alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2021. Hakuirusha yeye. Alitafuta ndege na rubani, kama tunavyotafuta sisi kila siku.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujauliza bei, omba karatasi. Cheti cha uendeshaji kutoka TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, namba ya ndege hiyohiyo iwe imeorodheshwa humo, bima iwe hai. Watakuja wenye ndege ya rafiki yao, kwa nusu bei. Kataa. Mwenye ndege akianza "nitakutumia kesho", mwache, hata kama mteja yuko uwanjani na begi mkononi.

Hesabu utajifunza kwa kuumia. Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya familia ya harusi, Tanga kwenda Pemba. Nikapiga hesabu ya Tanga na Pemba basi, nikasahau kwamba ndege inatoka Dar tupu na inarudi Dar tupu, na saa zote hizo zinalipiwa. Pengo nililiziba kwa mshahara wangu, miezi minne. Na bado sikuwa nimewaambia kwamba kila mtu ana kilo 15, tena kwenye begi laini. Bibi harusi akaja na masanduku magumu matano. Tukayafungua palepale sakafuni, mama yake akawa anaweka vyombo juu ya mzani kimoja kimoja, anatoa, anarudisha, machozi yanamtoka. Lile kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma kuliko zile fedha.

Lugha ya kuzungumza na wateja na mengineyo yatakuja yenyewe.

Jumatatu kijana anaanza kwangu. Nitamwekea mezani nakala za vyeti vitatu, kimoja kikiwa kimekwisha muda. Sitamwambia ni kipi.