Taka za sokoni zimeshatengwa, sisi ndio tunazichanganya

Wiki iliyopita mtaani kwetu kulikuwa na uzinduzi wa mradi wa mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki yaliyoozeshwa. Hema, viti vya plastiki, spika mbili kubwa, fulana zenye jani la kijani mgongoni, na mapipa matatu: la kijani, la bluu na jekundu. Maganda na mabaki ya chakula kwenye la kijani, plastiki kwenye la bluu, "taka nyinginezo" kwenye jekundu. Mama mmoja akauliza pampasi aweke wapi. Watu wakacheka, mgeni rasmi akasema hilo ni swali zuri sana, akaendelea na hotuba.

Jumamosi gari la taka likapita. Vijana wakanyanyua pipa la kijani, wakamwaga. Wakanyanyua la bluu, wakamwaga palepale. Jekundu nalo palepale. Gari likaondoka kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi, njia nzima likichuruzisha yale maji yake tunayoyajua.

Sina ugomvi na wale vijana. Gari lao lina sanduku moja na wanalipwa kusomba. Ugomvi wangu ni na hii tabia ya kila mradi wa mboji jijini Dar es Salaam kuanzia jikoni kwa watu. Tunafundishwa kutenga, tunafundishwa tena, tunapewa cheti cha kufundishwa. Halafu mradi unakufa, na ripoti inaandika kwamba "jamii haikuwa na mwamko."

Jamani, mwamko upo soko la Mabibo saa kumi na moja alfajiri. Nendeni mkautazame.

Pale Mahakama ya Ndizi, sehemu ya ndizi ya Mabibo, Fuso linapopakuliwa, mikungu inashuka na majani makavu ya migomba yaliyoifunga njiani isiparuzane. Ndizi zinabebwa, majani yanabaki chini, kavu kabisa, lundo la kufika kiunoni. Kwa wauza kabichi kuna mama na kisu chake, anachambua yale majani ya nje yaliyochoka na kuyatupa upande wake wa kushoto, kichwa baada ya kichwa, mpaka jua linatoka. Matenga ya nyanya yakifunguliwa yanatoa nyasi zilizotandikwa ndani. Kwa wauza machungwa ni yaliyooza, kwa wauza nanasi ni vichwa na maganda. Kila mmoja ana lundo lake, na kila lundo ni la kitu kimoja.

Sasa mtu yeyote aliyewahi kupanga biwi, yaani lundo, la mboji atakwambia kwamba shida kubwa ni kupata vitu vya aina mbili kwa pamoja: kikavu cha kutoa kaboni na kibichi cha kutoa naitrojeni. Ukiweka kibichi kitupu, unapata uji unaonuka. Ukiweka kikavu kitupu, unakikuta mwezi ujao vilevile ulivyokiacha. Kinachotakiwa ni sehemu kama 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, na mzigo huo unaingia Mabibo kwa pamoja, jani la mgomba na jani la kabichi, bila semina. Ukipungukiwa na kikavu, maranda ya maseremala wa Keko yapo, mengi yanachomwa moto tu.

Halafu sisi tunafanya nini? Saa nne asubuhi linakuja koleo. Kabichi, nyasi, vifungashio, chupa za maji, vijiti vya mishikaki, masahani ya plastiki ya mama ntilie, vyote vinasukumwa kwenye kontena moja. Kitu kilichokuwa safi tangu alfajiri kinachafuliwa kwa saa moja, tena na mtu tunayemlipa hela ya usafi! Kisha kinapelekwa dampo, kinafukiwa bila hewa na kutoa gesi ya methani kwa miaka. Jioni yake mtu anapanda jukwaani kumfundisha mama wa Manzese, anayeishi chumba kimoja na watoto, jinsi ya kuweka mapipa matatu. Ayaweke wapi? Juu ya kabati?

Na mkononi tuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia utenganishaji wa taka pale zinapozalishwa. Sokoni ndipo zinapozalishwa kwa tani. Mahali pa kuanzia ni pale ambapo koleo moja likizuiwa, tani nzima imeokoka. Nyumbani kwangu utapata maganda ya ndizi mbili na kaka la yai.

Msiniambie hakuna anayejua. Kinondoni wanajua: kiwanda cha mboji cha Mabwepande kilijengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kikakusudiwa kupokea hadi tani 50 kwa siku, na taka zilizolengwa ni hizihizi za masokoni. Wazo ni sahihi. Ila Mabwepande iko kule juu Kinondoni, na kumsombea kabichi mtu wa soko la Temeke Stereo mpaka Mabwepande kupitia foleni ya jiji hili ni kuchoma dizeli. Ninachotaka mimi ni kidogo zaidi: kila soko na kona yake ya mboji, kila kona na kikundi chake.

Wamatengo wa Mbinga, kwa taarifa ya watoa semina, wamekuwa wakilaza nyasi kwenye miraba mteremkoni na kuzifukia zioze chini ya mazao tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa. Wanaita ngoro. Uchagani, kihamba cha migomba na kahawa kinalishwa samadi ya ng'ombe aliyelishwa majani ya migomba ileile. Bibi yangu hakuwa na fulana. Alikuwa na jalala nyuma ya jiko, na maboga yake yalikuwa yanajiotea humo.

Nikubali mambo mawili, na ninayakubali shingo upande. La kwanza, mboji si urea, ile mbolea ya dukani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mboji ya majani ya sokoni ina asilimia moja hivi, ikijitahidi sana mbili. Kupata kilo hizo 23 unahitaji zaidi ya tani mbili ukiwa na ile ya asilimia moja, na hizo ni kirikuu tatu zimejaa. Mkulima wa mahindi wa Songea akinicheka ana haki yake. Mwaka 2022, urea ilipopita shilingi 120,000 kwa mfuko kabla ruzuku haijaishusha hadi 70,000, asingeokolewa na kabichi zangu.

Lakini mimi siongelei Songea. Naongelea tuta la mchicha kule Bunju, Kigamboni, Mkuranga, na mabondeni humuhumu mjini. Mchanga wetu wa pwani unamwagilia asubuhi, saa sita umekauka, na urea uliyoweka imeshashuka na maji kwenda chini. Mchanga ule unakosa kitu cha kushika maji na kushika mbolea, na hiyo ndiyo kazi ya mboji. Sasa hivi mtu wa matembele anatafuta mbolea ya kuku, anauziwa kiroba chenye nusu maranda, na akiiweka mbichi inaunguza miche. Wakati huohuo, kilomita chache kutoka kwake, majani mazuri yanapanda gari kwenda dampo.

La pili, wafugaji. Maganda ya ndizi na baadhi ya mabaki mazuri ya mboga hayalali sokoni, yanachukuliwa na wenye ng'ombe wa ndani na wenye nguruwe, na siku hizi wafuga funza wa chakula cha kuku nao wameingia. Wachukue tu. Samadi itarudi.

Kuna kikundi cha vijana ninachokifahamu, kwenye soko ambalo sitalitaja, walipewa kona nyuma ya vyoo. Siku moja niliwakuta wanageuza. Mmoja akaniambia, "Braza, weka mkono ndani." Niliingiza mpaka kwenye kifundo, nikautoa fasta, huwezi kuhesabu hadi kumi. Hiyo ndiyo hali inayotakiwa, nyuzi 55 kwenda juu kwa siku kadhaa, mbegu za magugu zinakufa na vijidudu vya maradhi vinakufa. Walikuwa wanapima maji kwa kukamua gao moja: likitoa tone moja mawili, sawa, likichuruzika, wanaongeza majani ya mgomba. Wakichuja kwa wavu wa kuku, wakiuza kwa viroba kwa wauza maua wa barabarani, wale ambao bila hivyo hununua udongo mweusi unaochimbwa bondeni usiku. Mradi haukuwa na mfadhili, kwa hiyo haukuwa na uzinduzi.

Wakafukuzwa. Soko lilitaka kujenga fremu. Hakuna karatasi iliyosema ile kona ni yao, basi ikawa ya fremu. Zimejengwa, moja inauza makava ya simu, zilizobaki zimefungwa. Nikipita pale hasira zinanipanda upya, kwa sababu vijana wale hawakushindwa chochote. Walikuwa wanajua kazi kuliko waliotoa vyeti.

Mtasema harufu. Biwi lenye hewa na kikavu cha kutosha halinuki. Linalonuka ni lile kontena mlilolizoea, mkalisamehe kwa sababu lina namba ya manispaa. Mtasema panya. Panya wanafuata ugali na nyama vya mama ntilie, na hivyo havitakiwi kuingia kwenye biwi hata kidogo.

Kandarasi ya usafi wa soko hutangazwa upya kila inapoisha. Wakati huo ndio wa kumbana diwani, kabla haijasainiwa, maana baada ya hapo atakwambia mikono yake imefungwa. Vipengele ninavyovitaka havijazi hata nusu ukurasa. Koleo lisiguse sehemu ya ndizi, kabichi na matenga. Uzito unaobaki sokoni ukatwe kwenye malipo ya kusomba, na hela hiyo ipewe kikundi kinachogeuza. Kona iandikwe kwenye ramani ya soko, ipigwe muhuri, isiguswe na fremu. Na ufunguo wa geti la hiyo kona asikae nao afisa anayefika saa tatu. Apewe mwenyekiti wa wauza kabichi, saa kumi na moja keshafika.